Siku mama alipopakwa siki

“Kwani bibi naye alichanjwa?” Mwanangu wa darasa la tano aliniuliza hivyo jana, akinipa karatasi ya shule ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, huku ameshika bega kana kwamba sindano imeshaingia. Nikamwambia hapana. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Tanzania nzima 2018, tena kwa wasichana wa miaka 14. Hii ya dozi moja kuanzia miaka 9 ni ya juzi tu. Bibi yako alipata siki. Akacheka.

Mnamjua mama na Mwaloni yake, soko la dagaa la Mwanza. Kumtoa sokoni asubuhi, dagaa wameshashuka na wateja wa Kongo wanapanga bei, labda pawe na msiba. Basi likapita gari la matangazo: wanawake kuanzia miaka 30 wakapimwe shingo ya kizazi, bure, hata kama hawaumwi. Hilo la mwisho lilimkera. “Nani anaenda hospitali mzima?” Alilisema mchana kutwa. Kesho yake akaniambia nivae viatu nimsindikize.

Nesi alikuwa rika langu. Akaamkia, “Shikamoo mama,” kisha akamwomba avue apande kitandani. Marahaba ya mama ilitoka nusu. Nilisimama upande wa kichwa nimemshikia kanga iliyonuka dagaa, na miguuni nikaona mchanga wa kuanikia bado umemng'ang'ania visiginoni. Nesi akaweka kile chuma cha kupanulia, akachovya pamba, akapaka, akatazama saa ya ukutani.

“Tunasubiri dakika moja, mama. Penye shida patageuka peupe.”

“Siki yenyewe ndiyo hii ya kachumbari?”

“Ni ndugu yake.”

Mama akaangua kicheko, nesi akamsihi atulie, chuma kinatikisika. Mimi macho kwenye mshale wa sekunde. Nesi akainama na tochi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Pana peupe. Padogo. Si saratani, mama, lakini pakiachwa miaka panaweza kuwa. Panagandishwa kwa gesi, unaenda zako nyumbani.”

Gesi ilikuwa imekwisha.

Akaambiwa arudi. Akarudi, bado. Akarudi tena, na kila kurudi ni asubuhi ya biashara imekwenda. Mwishowe akatibiwa. Tarehe ya kupimwa tena mwaka uliofuata aliiandika kwa mkaa ukutani, chini ya orodha ya wanaomdai na anaowadai, maana hapo haachi kupaangalia. Hakuna aliyempigia simu kumkumbusha.

Watu humsifu kwamba anajijali. Sawa. Lakini kwenye foleni ile alikuwepo jirani yake wa meza, naye akakutwa na peupe, naye akaambiwa gesi hakuna. Alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukamua, na watoto wadogo. Hakurudi. Alipofika hospitali ya Bugando alikuwa anatokwa damu kitambo.

Msibani wakasema hakujijali. Mama akauliza kwa sauti, na gesi je, nayo ilikuwa yake? Wakamnyamazisha. Kwenye daladala tukabishana hadi Kirumba. Mimi nasema, hata hivyo, angejikaza akarudi walau mara moja zaidi. Mama akaniuliza angerudi kwa hela ya nani.