Nilivyoupima Mwanga wa Chumvi kwa CD na Nyembe, Nikaelewa Elektroni

Ninyi mnaosoma kemia ya kidato cha tano na sita kwa kujitegemea, msikubali kuambiwa "kariri tu." Mimi niliambiwa hivyo kila nilipouliza. Swali langu lilikuwa fupi: potasiamu ina elektroni 19, na sheli ya tatu (tabaka la elektroni kuzunguka kiini cha atomu) inabeba hadi 18. Kwa nini basi tunapohesabu elektroni za kila sheli tunaandika 2, 8, 8, 1 na si 2, 8, 9? Mwalimu wa tuisheni akanijibu kuwa mtihani hauulizi kwa nini. Mwingine akasema mambo ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni, ni ya wenye maabara, nisijisumbue. Hadi leo nikiyakumbuka majibu hayo naudhika, kwa sababu jibu nilikuja kulipata jikoni kwetu, kwa vitu ambavyo gharama yake haifiki hata nauli ya kwenda tuisheni.

Kilichonipa moyo ni kazi ya wanasayansi Bunsen na Kirchhoff kule Heidelberg, Ujerumani. Kuanzia 1859 walichoma chumvi za kila aina na kuuchambua mwanga wake, wakaona kila elementi ina mistari yake ya rangi isiyofanana na ya nyingine. Sesiamu mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861 walizigundua hivyo hivyo, kwa kuona mistari isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Nikajisemea, moto upo, chumvi ipo, kilichobaki ni cha kuuchambulia mwanga.

CD inafaa kabisa, maana ina mifereji midogo inayoutenganisha mwanga katika rangi zake. Mifereji hiyo imepangwa kwa nafasi ya maikromita 1.6. Nilipewa moja bure kwa fundi redio, nikaikwaruza kidogo upande wa lebo, nikabandika selotepu na kuivuta mpaka tabaka lote la kung'aa likatoka, ikabaki plastiki nyeupe ya kuona ng'ambo. Mwanya wa kupitisha mwanga niliutengeneza kwa nyembe mbili nilizozibandika kwenye boksi, makali yakitazamana, nafasi kati yake nyembamba kama unene wa karatasi.

Moto ndio ulionipotezea muda, na hapa lawama naipeleka kwa ushauri niliopewa. Niliambiwa koroboi yatosha. Nikainyunyizia chumvi, nikachungulia, nikaona rangi zote kuanzia nyekundu hadi zambarau, zimeungana bila mstari wowote wa maana. Nikabadilisha chumvi, nikaubana mwanya, hali ile ile. Sababu ni kwamba mwanga wa koroboi unatokana na chembe za masizi zilizopata moto mkali, na kitu kigumu kikiwaka hutoa rangi zote kwa pamoja. Elektroni za sodiamu iliyomo kwenye chumvi zilikuwepo mle zikifanya kazi yake, ila zilimezwa. Unahitaji moto wa buluu usio na masizi: jiko la gesi au spiriti.

Kwenye gesi chumvi ililipuka njano mara moja ikaisha kabla sijaweka jicho. Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia mpaka kesho. Nilichukua kigae cha chungu kilichovunjika, nikakiloweka usiku kucha kwenye maji yaliyokolea chumvi, nikakianika kikakauka vizuri (kikiwa kibichi kitapasuka motoni), kisha nikakishika kwa koleo pembeni mwa moto. Udongo ule unaachia chumvi kidogo kidogo. Njano ikatulia, ikakaa muda wa kutosha kupima kwa raha.

Usiku, taa zimezimwa, jiko na boksi vilikaa ukutani. Nilisimama na kipande cha CD machoni, mita moja kutoka kwenye mwanya, nikitumia sehemu ambayo mifereji yake imesimama wima kama mwanya wenyewe. Pembeni, kwenye ukuta mtupu, ukatokea mstari mmoja wa njano, umekatika safi, huku na huku giza. Mdogo wangu akasogeza kalamu ukutani, nami nikimwelekeza: "Kulia, kulia kidogo, hapo hapo!" Futi ikasoma karibu sentimita 40 kutoka kwenye mwanya. Tanjenti ya pembe ni 0.4 (sentimita 40 kwa mita moja), saini (sine) ya pembe hiyo ni 0.371; zidisha kwa 1.6, ile nafasi ya mifereji, unapata urefu wa wimbi wa maikromita 0.594, yaani nanomita 594. Thamani halisi ni 589.0 na 589.6, maana ni mistari miwili iliyogandana, ambayo kwa kifaa changu sikuweza kuitenganisha. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Sasa gawanya 1240 (namba isiyobadilika ya kugeuza nanomita kuwa elektronivolti, kipimo cha nishati) kwa urefu huo wa wimbi: unapata elektronivolti 2.1 kwa kila fotoni, yaani chembe ya mwanga. Hapa ndipo swali langu lilipofunguka. Fotoni hiyo hutoka pale elektroni ya nje ya sodiamu inaposhuka kutoka 3p kwenda 3s (namba ni ya sheli; herufi s, p au d ni ya sehemu ndogo ndani ya sheli). Zote mbili zimo ndani ya sheli ya tatu! Katika haidrojeni, kwa hesabu ya mwanafizikia Bohr ya 1913, sheli nzima ina nishati moja, na mstari wake mwekundu wa nanomita 656 hutokea elektroni inapotoka sheli ya tatu kwenda ya pili. Lakini sodiamu ina elektroni 10 za ndani zinazoikinga ya nje isivutwe sawasawa na kiini. Elektroni ya s hupenya kinga hiyo na kukikaribia kiini zaidi kuliko ya p, kwa hiyo nishati yake iko chini. Ya d hupenya kidogo mno kuliko hizo. Ndiyo maana katika potasiamu 4s iko chini ya 3d, na elektroni ya 19 inakwenda huko. Ile njano ya chumvi ni ushahidi kwamba sheli imegawanyika, na nimeupima kwa futi.

Asiye na gesi atafute taa ya zamani ya enaji seva, yenye zebaki ndani. Mstari wa kijani wa zebaki, nanomita 546, utaupata kwenye sentimita 36 hivi ukiwa umesimama mita moja. Balbu za LED ziache, hazitoi mistari. Na CD ikiwa mkononi usilitazame jua nayo.