Nyanya juu, bilinganya chini: hatimaye zimeshika

Zimeshika! Trei nzima ya miche tuliyobebesha, yaani ncha ya nyanya iliyounganishwa juu ya shina la bilinganya, imetoka kwenye kibanda cha giza cha nailoni inamopona ikiwa imesimama wima, na leo asubuhi nimeona majani mapya yakichipua juu ya mkato.

Waliolima nyanya huku Mlali, Morogoro, wanamjua adui: mnyauko bakteria. Mche una afya, umeshazaa matunda, saa sita mchana unalegea, jioni unasimama tena, siku mbili tatu baadaye umekufa ukiwa bado kijani. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu, na hela inaishia hapo, kwa sababu huu si ukungu na hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Bakteria wanakaa ardhini miaka. Kubadilisha mazao kunasaidia, lakini mwenye robo eka atahamia wapi?

Robo eka hii nina mipango nayo mikubwa. Matenga ya nyanya yanapakiwa hapa kwetu kwenda Dar es Salaam, huku mama wa jirani anahesabu sarafu kupata fungu moja la kupikia. Nalima ili mboga ziuzwe kijijini kwanza, na vijana waliomaliza shule wajifunze kilimo kama fundi anavyofundisha ufundi. Shamba likinyauka mbele ya macho yao, wanajifunza kwamba kilimo ni bahati nasibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hasara.

Basi tukaanza na glasi ya maji. Tulikata shina la mche ulionyauka, karibu na ardhi, tukalining'iniza ncha yake ndani ya maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato: ndio bakteria wenyewe. Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza kwa nini tunaosha jembe kabla ya kuhamia tuta lingine.

Dawa iliyobaki ni kubebesha: kikonyo, yaani ncha ya juu, cha nyanya aina ya Tengeru 97 juu ya mche wa bilinganya sugu, ambao mizizi yake inastahimili ugonjwa na hata maji yakituama. Bilinganya hukua polepole, kwa hiyo husiwa siku chache kabla ili mabua yalingane, milimita 2 hivi. Kwa kukata, wembe mpya uliofutwa spiriti unashinda kisu chochote cha kubebeshea nilichowahi kushika. Kisu kinaponda bua changa. Klipu hatukuwa nazo. Binti mmoja akasema, "Dada, si kuna mpira wa vali ya baiskeli?" Tukaukata vipande vidogo, tukavipasua upande mmoja ili vitanuke bua linaponenepa. Unabana vizuri ajabu.

Kukata hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kibanda. Trei baada ya trei, vikonyo vilikauka kabla maji hayajapanda kutoka chini. Tukiongeza maji, kiungo, pale mabua mawili yanapokutana, kinaoza. Joto la Morogoro nalo halisamehe. Kilichofanya kazi ni mambo matatu kwa pamoja: kibanda kuhamia chini ya mwembe, majani makubwa ya kikonyo kupunguzwa ili yasivute maji mengi, na maji kuwekwa kwenye beseni sakafuni, chini ya trei, badala ya kupulizwa juu ya miche. Nailoni ikawa inatoa jasho, kiungo kikabaki kikavu. Siku za kwanza giza tupu, kisha tukawa tunainua pazia kidogo kidogo. Nilimwona kijana aliyekuwa na mashaka kuliko wote akiinua pazia taratibu kwa vidole viwili, nikajua kazi imempata.

Wiki hii tunahamishia shambani. Kiungo lazima kikae juu ya udongo, na hakuna kupandishia udongo shinani, maana nyanya ikitoa mizizi yake yenyewe ugonjwa unaingia kwa mlango huo huo. Miti ya kuegemezea imeshakatwa.

Vijana sasa wanauliza: kwa nini tusibebeshe juu ya ndulele, zimejaa barabarani na hazinyauki? Tunda la ndulele lina sumu, kwa hiyo nyanya zitakazobebeshwa juu yake hazitaliwa mpaka nipate ushauri wa watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini mbegu tumeshakusanya, na makopo machache yameshasiwa.