Ukerewe Ilipokalia Kitufe

Ile programu ya stoo ya dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, iliandikwa kwa Swing, zana ya zamani ya Java ya kuchora madirisha na vitufe, ikafanya kazi miaka bila kelele. Balaa lilianza tulipoihamishia JavaFX, zana mpya zaidi ya kazi hiyohiyo. Katikati ya dirisha palikuwa na ramani ya ziwa. Karani aliiburuta kwa kipanya hadi akifikie kisiwa mzigo ulikotoka: Ukerewe, Kome, Maisome. Kushoto vilipangwa vitufe.

Karani mwenyewe, mama asiyependa maneno mengi, alinipigia simu saa ya mizani. "Mwanangu, njoo uone. Ukerewe imekalia Hifadhi."

Nikakuta kweli. Ameivuta ramani kushoto, kisiwa kimetoka nje ya paneli yake na kutanda juu ya kitufe. Kwenye "Hifadhi" ilibaki "Hifa" tu, na ukibofya pale penye kisiwa, kisiwa ndicho kinachopokea. Nyuma yetu wachuuzi wanasubiri risiti, mmoja anauliza kama kompyuta nayo imekunywa.

Swing isingeruhusu hayo. Kila kijenzi huchorwa ndani ya eneo la mzazi wake, yaani kijenzi kinachokibeba, kinachozidi hukatwa. Pane, yaani paneli ya JavaFX, haikati kitu: mtoto huchorwa hata nje ya mipaka ya mzazi, na aliyeongezwa baadaye huwa juu ya waliotangulia. Kuna faida yake, maana kivuli cha kitufe kingekatwa ukingoni kingekuwa kichekesho. Ila kwa ramani ya kuburuta, huo mimi nauona uhuru uliopitiliza.

Nikaunda Rectangle, yaani mstatili, yenye vipimo vya paneli, nikaikabidhi paneli kwa setClip, amri ya kukata kinachozidi umbo hilo. Ukerewe ikaishia mpakani, na sehemu iliyofichwa haikupokea tena mbofyo wowote.

Mama akalikuza dirisha likajaa skrini. Ramani ikabaki kipande kilekile, pembeni kweupe. Mstatili hauna habari kwamba paneli imekua. Inabidi upana wake ufungwe kwenye widthProperty ya paneli na kimo kwenye heightProperty, ndipo vitanuke pamoja. Mistari miwili tu, lakini niliiandika huku nasukumwa bega na mtu mwenye gunia.

Mama akaivuta Ukerewe kushoto mpaka ikapotea yote, akabofya Hifadhi, risiti ikatoka.

"Haya. Na hii printa inayotafuna karatasi, utaitengeneza lini?"