Banda la mawe na shamba linalorithishwa: kumbukumbu ya mradi, Ayalandi

Karatasi kwanza

Mradi huu una kazi mbili zinazoshikana: kukarabati banda la zamani lenye kuta za mawe na paa la sleti (vigae vyembamba vya mawe), na kuhamisha shamba kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ruzuku ya majengo ya jadi ya shambani husimamiwa na Heritage Council (baraza la urithi la nchi) kwa fedha za wizara ya kilimo, na hupewa mkulima aliye kwenye mpango wa mazingira wa ACRES. Hulipa hadi asilimia 75 ya gharama, kuanzia euro 4,000 hadi 30,000. Anayeomba ni mwenye mkataba wa ACRES, kwa hiyo tumeamua shamba lisibadilishwe jina katikati ya ujenzi. Hati ikihama kabla ya malipo, jina la mwombaji na jina la mwenye shamba hayalingani tena, na maswali yanaanza.

Ushauri wa urithishaji haukusubiri. Mkulima mwenye miaka 60 au zaidi anaweza kurudishiwa nusu ya gharama za wakili, mhasibu na mshauri, isiyozidi euro 1,500. Njia iliyochaguliwa ni ubia wa urithishaji uliosajiliwa, yaani mzazi na mrithi huendesha shamba pamoja kabla ya mali kuhama. Mrithi awe chini ya miaka 40 na awe na mafunzo ya kilimo, na mkataba useme kwamba angalau asilimia 80 ya mali ya shamba itahamia kwake kati ya mwaka wa 3 na wa 10. Nafuu ya kodi ya mapato ni euro 5,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka 5, na wabia hugawana kwa uwiano wa faida.

Hapa pana mtego. Nafuu ya ushuru wa stempu kwa mkulima kijana aliyefunzwa hukoma akitimiza miaka 35. Mrithi wa miaka 30 akisubiri mwaka wa 8 wa ubia, ameshaikosa. Piga hesabu ya umri kabla ya kuandika tarehe ya kuhamisha.

Popo na mbayuwayu

Ukaguzi wa wanyamapori hufanywa kabla ya jukwaa la ujenzi kusimamishwa. Mbayuwayu wakiwa na viota, kazi ya paa husubiri. Popo wakipatikana, kibali maalumu kinahitajika. Usitandike chini ya sleti utando wa kisasa wa nyuzi unaopumua: popo hunasa kucha humo na kufa. Karatasi ya lami ya aina ya zamani inafaa zaidi.

Paa

Sleti zilishushwa kwa mkono na kupangwa kwa urefu. Gonga kila moja kwa kifundo cha kidole: nzima hulia, iliyopasuka hutoa sauti butu. Mara nyingi kinachoangusha sleti ni misumari iliyoliwa na kutu, sleti yenyewe bado nzuri, kwa hiyo hurudishwa kwa misumari ya shaba. Ndefu na nene hukaa chini ukingoni, fupi juu. Boriti iliyooza mwisho wake haibadilishwi yote: kata hadi kwenye mbao isiyooza, unga kipande kipya, kaza kwa bolti zisizoshika kutu. Ruzuku inadai ukarabati mdogo iwezekanavyo, nasi tunakubaliana nayo. Banda likitoka jipya kabisa, kilichohifadhiwa ni nini?

Kuta

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Viungo vya mawe vilikuwa vimezibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi maji, kwa hiyo unyevu ulioingia ukutani hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, baridi huugandisha, na uso wa jiwe humeguka. Iondoe kwa patasi na nyundo. Mashine ya kukatia hula kingo za mawe.

Chimba kiungo kina cha mara mbili ya upana wake, usipungue milimita 25. Safisha vumbi, lowesha. Mchanganyiko ni sehemu 1 ya chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayokaza kwa maji) kwa sehemu 2.5 za mchanga mkali uliooshwa, wenye chembe ndogo na kubwa pamoja. Pima kwa ndoo, si kwa koleo. Mchanga laini wa lipu huleta nyufa. Maji yawe kidogo: mchanganyiko ukifinyangwa ubaki donge bila kuchuruzika. Shindilia kwa matabaka, na mapengo mapana yajazwe vijiwe. Ukianza kukaza, ugonge kwa brashi ngumu ili uso ubaki wazi.

Kinachoharibu kazi hii ni haraka ya kukauka. Jua na upepo vikinyonya maji mapema, chokaa hubaki unga, unaikwangua kwa ukucha. Tundika magunia na uyaloweshe kwa siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi usipake kabisa. Mikutano ya wakili inaweza kufanyika Januari, chokaa haiwezi.

Yaliyobaki

Milango: ubao wa chini kubadilishwa, bawaba za zamani kurudishwa. Kazi za ndani hazimo kwenye ruzuku, zinangoja fedha za ubia. Risiti na picha za kila hatua, zikiwemo za sehemu zilizofunikwa, ziko kwenye faili moja na orodha ya kazi ya mtaalamu wa uhifadhi.