Kruzi ya kibubu

Ile video aliirusha Kidoti kwenye grupu letu saa nne usiku. Meli nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa: Icon of the Seas, ile iliyoanza kubeba watalii kutoka Miami Januari 2024 na kuwazungusha visiwa vya Karibiani. Inapakia abiria zaidi ya 7,000 na ina mabwawa saba ya kuogelea. Kidoti akaandika, "Jamani, sisi lini?" Mweka Hazina akajibu kwa sauti, unamsikia kabisa anapiga miayo: "Mabwawa saba? Mimi hapa leo siku ya tatu bomba halijakohoa."

Grupu letu ni mabaki ya upatu uliokufa. Tulikuwa kumi na wawili, tukabaki watano tusiodaiana. Mweka Hazina ana duka la dawa Area C, hapa Dodoma. Mwalimu anafundisha Jiografia sekondari. Kidoti anasuka nywele. Shangazi ni muuguzi mstaafu, mtu wa Mvumi, ana miaka 61 na si shangazi wa yeyote kati yetu. Mimi ni fundi cherehani pale Majengo, mwaka wa 19 huu nakanyaga mashine.

Habari ya Karibiani iliisha kesho yake, Mweka Hazina alipojumlisha nauli ya ndege na viza halafu akazima simu. Aliyeifufua ni Mwalimu. Akasema, kwani kruzi ni nini? Ni kupanda chombo, kushuka kisiwani, kula, kupanda tena. Visiwa tunavyo, chombo tutakodi. Tukachongesha kibubu cha mninga kisicho na kufuli, kila mtu 10,000 kwa wiki, mwaka mzima. Siku ya kukivunja tulipaswa kukuta 2,600,000. Tulikuta 2,583,000. Hiyo 17,000 mpaka leo ni kesi, na kila mmoja ana mtu wake anayemtazama.

Tuliondoka mwanzoni mwa mwezi wa saba. Bunge la bajeti lilishaahirishwa, mji umepumua, suti za wapambe nimezimaliza zote, na shule zilikuwa zimefungwa. Halafu mwezi wa saba Dodoma ndio ule upepo wa kukata masikio, asubuhi unaamka na sweta, mchana vumbi. Mtu yeyote angekimbilia joto.

Kama fundi, sikukubali twende kila mtu na lake. Nilinunua jora la kitambaa cha buluu, bei ya kutupa, nikashona madera matano ya sare. Kila dera nililitia mfuko wa ndani wenye zipu, wa kuweka simu na hela, kwa sababu Mweka Hazina alikuwa ametutisha kwamba Dar utaibiwa hata kope. Niliyapiga ovaloki, nikayapiga pasi, nikajisifu. Kitambaa chenyewe sikukiloweka kwanza. Fundi mwenzangu unayesoma hapa, najua umeshaelewa.

Treni ya umeme daraja la kawaida tulilipa 31,000 kila mtu. Sisi tuliozoea basi la kutwa nzima, kufika Dar kabla ya chakula cha mchana ni kama kudanganywa. Kule Kilosa, kila tulipoingia handaki Shangazi alifumba macho, tukitoka anauliza, "Ndiyo Dar hii?"

Boti ya kwenda Unguja sitaki kuieleza sana. Ni mwendo wa kama saa mbili, na mwezi wa saba ni msimu wa kusi, upepo wa kusini ule, bahari inakuwa na hasira zake. Mweka Hazina alikuwa na vidonge vya kuzuia kutapika, bora kabisa, akavigawa tukiwa tumeshatoka bandarini. Kidonge hicho humezwa kabla ya safari. Yeye ndiye mwenye duka la dawa! Mwalimu, aliyechora mawimbi ubaoni miaka yote hiyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba mfuko. Shangazi peke yake alikaa wima, anatafuna tangawizi, anatushika migongo kwa zamu kama yuko wodini.

Forodhani usiku tulikula urojo. Shangazi alikoroga bakuli lake, akanyanyua kijiko, akatazama unavyoteremka. "Kumbe na wao wana mlenda wao," akasema, "sema wameutia bajia." Akaona na ubuyu, ule mwekundu wa sukari na iliki, umefungwa kwenye vipakiti. Akaugeuza geuza, akala tatu, akatoa hukumu kwamba mbuyu huu umezaliwa kwetu, huku umekuja kupakwa rangi ya mdomo tu. Muuzaji alicheka hadi akamwongezea kipakiti.

Siku ya pili tulikwenda kisiwa cha Changuu. Kobe wakubwa, ukoo wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na gereza la miaka ya 1890 ambalo halikufunga wafungwa, likaishia kuwa karantini. Kidoti alipiga picha 64, kobe ametulia katika zote, sisi hatumo hata moja tukiwa tumefumbua macho wote watano.

Sasa siku ya tatu. Hii ndiyo kruzi yenyewe.

Mteja mmoja wa Kidoti ana ndugu Fumba, na huyo ndugu ana mjomba nahodha. Tulikubaliana 60,000 kwa kichwa, mashua kutwa, chakula ndani. Fumba iko kusini mwa mji, inatazama Ghuba ya Menai. Tulipofika maji yalikuwa yamepwa, mashua imesimama mbali, ikabidi tuiendee kwa miguu, madera tumeyakunja mpaka magotini. Nahodha alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya viua imeshonwa kwa mkono, tundu moja moja. Nilianza kumheshimu kwa ile kofia kabla hajafungua mdomo.

"Karibuni bibi zangu. Nyie wa bara mwajua kuogelea?"

Kimya.

"Basi vaeni maboya, na msiyavue mpaka niwaambie."

Kwenda tulikwenda kwa mashine. Tukawaona pomboo, watatu, migongo inang'aa, wakatuzunguka mara moja wakaenda zao. Shangazi aliwapungia mkono, "Mbukwenyi!" Nahodha akauliza anawaambia nini. Tukamwambia anawasalimia kwa Kigogo.

Kituo cha kwanza kilikuwa fungu, kilima cha mchanga mweupe katikati ya bahari, hakuna mti, hakuna nyumba, na jioni hakuna fungu lenyewe, maana maji yakijaa linazama. Mwalimu akasimama katikati, akaanza kipindi: mwezi unavuta maji, jua nalo linavuta, vikikaa mstari mmoja ndipo maji yanajaa sana na kupwa sana. Mabaharia wakamsikiliza kwa adabu. Nahodha akasema, "Ndiyo, bamvua." Neno moja. Wakati Mwalimu anaendelea kufafanua saa sita za kujaa, maji yalijaa, na ndala zake alizoacha pembeni zikaanza safari ya kwenda Comoro. Baharia kijana akazikimbilia.

Hapo ndipo sisi wengine tulipoingia majini mpaka kiunoni, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Maji ya vuguvugu, matamu mwilini, ukizingatia asubuhi ya Dodoma tuliyoiacha. Halafu Kidoti akasema, "Mbona maji yangu ni ya buluu kuliko yenu?" Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na wingu lake. Dera zilikuwa zinatoa rangi kama chupa ya wino imepasuka. Tulipotoka, miguu ilikuwa ya buluu kutoka pajani mpaka kisigino, na ya Shangazi ilikuwa na mistari. Sikuwa na pa kuficha uso. "Fundi wetu," Mweka Hazina akasema taratibu, "hili jora ulilinunua shilingi ngapi?" Nikajua ile 17,000 itaanza kutafutwa kwangu.

Shangazi hakujali miguu. Alikuwa ameinama, anajaza maji ya bahari kwenye chupa ya lita moja na nusu. Akaifunga vizuri, akaitia kwenye begi.

Kisiwa cha Kwale ndiko tulikokula. Changu wa kuchoma, pweza, ngisi, kamba, wali wa nazi, na embe hata sitaji. Nyuma ya pwani kuna mbuyu mkubwa sana, mzee, ulianguka siku nyingi, umelala chini kabisa, lakini haukufa. Umeendelea kuchipua ukiwa umelala. Watu wanaupanda kwa kutembea tu. Umetoka Dodoma, umepita mahandaki, umetapika baharini, unashuka kisiwani unakutana na mbuyu! Shangazi aliupigapiga ubavuni kama anavyopiga ng'ombe wake, akakaa juu, akakataa kushuka mpaka tuliposema tunamwacha.

Baada ya chakula wenzangu walirudi majini na miwani ya kutazamia samaki. Mimi niliomba kubaki kwenye mashua. Nilisema nimeshiba, kumbe naogopa. Kiuno kilinitosha, kupita hapo sina shauri na maji. Nikakaa karibu na tanga lililokuwa limekunjwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na mkono wa fundi haukai, nikaanza kulipapasa. Turubai la pamba, zito, limepakwa jua na chumvi mpaka limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Vipande vimeunganishwa kwa mshono wa kukunja mara mbili, kama wa jinzi, mistari miwili, yote kwa mkono. Kuna viraka sita, nilivihesabu. Na karibu na pindo kulikuwa na mahali pamefumuka, kama urefu wa shubiri.

Nikatoa sindano na uzi kwenye pochi. Huwa natembea navyo, hata msibani. Nahodha akaniona, akacheka. "Hiyo sindano ya kitambaa, mama. Tanga halijui hiyo." Akafungua kibweta, akatoa sindano nene ya pembe tatu, uzi uliosuguliwa nta ya nyuki, na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani, chenye chuma katikati cha kusukumia sindano. Ile harufu ya nta naijua, jirani zetu wa Singida wanaileta sokoni. Nikavaa, nikaanza. Turubai linakataa, unalisukuma kwa kiganja kizima, mpaka bega linajua. Nikashona kama ninavyoshona, karibu karibu, sawasawa, mshono wa kuonyesha watu.

Nahodha akaja, akainama, akatazama. Akautia ukucha.

"Fumua."

Miaka 19, sijaambiwa fumua na mtu tangu nilipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Nikamtazama. Akaketi, akanionyesha. Ukipitisha sindano karibu karibu hivyo, tundu nazo zaandamana, upepo ukija wakata pale pale, kama karatasi uliyoitoboa toboa ili uichane. Acha nafasi. Usikaze uzi mpaka turubai likunje uso, liache lipumue. Nikafumua. Nikashona upya, mishono mipana, mibaya kwa macho yangu, nafasi ya kidole kila mmoja. Akavuta kwa mikono miwili, akanyamaza, akaenda kuangalia nanga. Nilichukulia kwamba nimefaulu.

Alasiri wakatweka tanga. Mabaharia watatu wanavuta kamba huku wanaimba, foromali inapanda mlingoti, tanga linajifungua, kusi ikaingia kwa nyuma, mashua ikainuka kichwa ikaenda. Mashine kimya. Wenzangu wote wakageukia magharibi, jua linazama, Kidoti anarekodi, Mwalimu analia kidogo anasema ni chumvi. Mimi sikuliona jua. Nilikuwa nimeinua shingo, natazama shubiri yangu moja pale karibu na pindo, mpaka Fumba. Haikufumuka.

Rangi ya miguu ilikaa siku nane. Kwenye treni ya kurudi abiria wa kiti cha mbele alituuliza kwa upole sisi ni kwaya ya wapi.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alitupeleka Mvumi kumsalimia mama yake. Bibi hajawahi kuiona bahari, na macho sasa ni mazito. Shangazi akatoa ile chupa, akammiminia kidogo kwenye kikombe cha bati. Bibi akainusa, akachovya kidole, akalamba. Akakaa nalo mdomoni muda mrefu. Akatugeukia.

"Mlipanda gari moshi, mkapanda meli," akasema, "mkaleta maji yasiyonyweka?"

Akamwaga yaliyobaki nje ya mlango, akaomba ubuyu.