Atasimama Mbele ya Mkutano

Somo la juma hili: Hesabu 35:9–34, pamoja na Kutoka 22:2–3

Wapendwa katika Bwana,

Torati ina mistari miwili kuhusu mwizi ambayo wengi wetu huipita haraka tukielekea Amri za baadaye. Kutoka 22 inasema kwamba mwizi akikutwa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini ikiwa jua limekwisha kuchomoza, hatia ya damu ipo. Mwizi ni yuleyule, ukuta ni uleule, pigo ni lilelile, na kinachobadilika ni mwanga peke yake. Gizani mwenye nyumba hawezi kujua kama aliyeingia amefuata mbuzi au amefuata roho yake. Mchana anaweza kuona, na mwenye uwezo wa kuona anadaiwa kutazama kwanza.

Mistari hiyo imenirudisha kwenye ranchi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka. Mwezi Aprili mwaka 2005, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waliingia humo wakiwa wamevaa nguo za kiraia, kwa sababu walikuwa wakichunguza tuhuma za uchinjaji na uuzaji wa nyama ya pori, na walikuwa wamewakamata baadhi ya wafanyakazi. Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere na kitukuu cha yule mlowezi mashuhuri wa mwanzo wa ukoloni, alifika mahali hapo akiwa na bunduki. Askari mmoja, Mmaasai aitwaye Samson ole Sisina, alipigwa risasi akafa. Cholmondeley hakukana kwamba ni yeye aliyempiga. Alisema aliwaona watu asiowajua wakiwa na silaha, akawadhania kuwa majambazi, akajitetea.

Dai hilo lisidharauliwe. Hofu katika eneo lile haikuwa hadithi: Januari 2006, miezi michache tu baadaye, mhifadhi na mtengenezaji wa filamu za wanyama Joan Root aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Naivasha. Mtu anayeishi mbali na kituo cha polisi, akisikia kwamba watu wake wameshikwa na wageni wenye bunduki, anaweza kweli kuingiwa na hofu, na hofu hiyo inaweza kuwa ya haki. Lakini inaweza pia isiwe ya haki. Aliyekufa naye alikuwa kazini, akitekeleza sheria ya nchi, na ni yeye peke yake asiyeweza kueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Hapo ndipo ugumu wa kila dai la kujitetea ulipo, kwamba shahidi aliyekuwa karibu zaidi na kifo ni yule anayekielezea kwa faida yake mwenyewe, na shahidi wa pili amezikwa.

Basi Torati ilifanya nini na ugumu huo? Tufungue Hesabu 35. Bwana anaamuru miji sita ya makimbilio, mitatu ng'ambo ya Yordani na mitatu katika nchi ya Kanaani, kwa ajili ya mwenyeji na mgeni vilevile, ili aliyeua bila kukusudia akimbilie huko asiuawe na mlipiza kisasi. Mara nyingi mahubiri huishia hapo, kwenye neema ya lango lililo wazi. Ila mstari wa 12 unaongeza jambo ambalo sikulitilia maanani kwa miaka mingi: anahifadhiwa mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Mji wa makimbilio ulikuwa mahali pa kungojea kusikilizwa. Aliyeingia langoni akisema sikukusudia alikuwa amefungua shauri, wala hakuwa amelifunga. Kisha mkutano uliulizwa maswali ya kawaida kabisa, kama alitumia chombo cha chuma au jiwe la kuulia, kama alimvizia, kama palikuwa na uadui kati yao tangu hapo. Na mstari wa 30 unakataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa mtu mmoja, jambo linaloonyesha kwamba mkutano ulikuwepo kumlinda mshtakiwa pia.

Kilichotokea baada ya kifo cha ole Sisina ni kwamba mkutano haukuketi. Cholmondeley alishtakiwa kwa mauaji, na mwezi uliofuata, Mei 2005, Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaisitisha kesi kwa mamlaka aliyopewa na katiba ya wakati ule, bila kuhitaji idhini ya hakimu. Wamaasai waliandamana, na wapo waliotishia kuivamia ranchi. Wengi wetu tulisema wakati huo kwamba walikuwa wakidai kisasi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na leo, nikiisoma Hesabu 35, naona nilikosea. Wengi wao walikuwa wakidai kile ambacho mstari wa 12 unampa kila mtu, yaani maelezo yasikilizwe hadharani, yaulizwe maswali na watu wasio na faida ndani yake. Inawezekana kwamba mahakama ingeyasikia yote ikamwachilia huru. Angetoka na jina lililosafishwa mbele ya watu, na familia ya marehemu ingesikia sababu ikitajwa kwa sauti. Badala yake pande zote mbili zilibaki na minong'ono.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika ranchi ileile, Cholmondeley alikutana na wanaume waliokuwa na mbwa na swala aliyewindwa. Alifyatua risasi, na Robert Njoya, fundi wa mawe na baba wa watoto, akafa. Safari hii maelezo yalikuwa kwamba alilenga mbwa. Safari hii, pia, kesi ilisikilizwa mpaka mwisho, naye akakaa mahabusu katika gereza la Kamiti karibu miaka mitatu. Mei 2009 Jaji Muga Apondi aliona kwamba hakukuwa na nia ya kuua, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamhukumu kifungo cha miezi minane juu ya muda aliokwisha kukaa.

Wengi walikasirika, na nawaelewa, kwa maana katika magereza yetu wamo maskini waliofungwa muda mrefu zaidi kwa wizi wa kuku. Hata hivyo sitaki kuifanya tafakari hii kuwa hesabu ya miezi. Nataka tuutazame mstari wa 25, ambao unasema kwamba aliyeua bila kukusudia, hata baada ya mkutano kukubaliana naye, anarudishwa katika mji wa makimbilio na kukaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Mstari wa 32 unakataza kupokea fidia ili arudi kwake mapema. Haitwi mwuaji, na hapigwi mawe, lakini haendi nyumbani kula chakula cha jioni kana kwamba siku hiyo ilikuwa kama siku nyingine. Utajiri wa ukoo wake haumfupishii muda, na umaskini wa marehemu haumpunguzii. Sheria iliyojua kutofautisha ajali na uovu ilikataa pia kusema kwamba ajali si kitu.

Nasi tusijifanye watu wa kando. Katika vijiji na mitaa yetu, neno moja tu, "mwizi", likipigwa saa nane mchana, linatosha kumuua kijana ambaye hakuna aliyemtazama usoni wala kumwuliza jina, na baadaye kila aliyeshika jiwe husema alikuwa akiilinda mali yake. Jua lilikuwa limechomoza. Sijawahi kusikia mkutano ukiketi kwa ajili ya kijana wa namna hiyo.

Kuna badiliko moja la kumshukuru Mungu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilimwondolea Mwanasheria Mkuu kazi ya mashtaka ya jinai, ikampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Ibara ya 157 inamkataza kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Sidai kwamba ilitungwa kwa sababu ya Soysambu. Ila kama ingekuwepo mwaka 2005, jaji angalau angeulizwa. Cholmondeley mwenyewe alifariki Agosti 2016 baada ya upasuaji jijini Nairobi, na kwa hiyo dai lake juu ya kifo cha ole Sisina halitasikilizwa tena na mahakama yoyote hapa duniani.

Alhamisi tutakapokutana kwa maombi, tuzitaje nyumba tatu: ya ole Sisina, ya Njoya, na ya Cholmondeley. Tuwataje pia waendesha mashtaka na mahakimu wa wilaya yetu, pamoja na vijana wa doria tuliowapa marungu wenyewe. Atakayeongoza asome Hesabu 35 kuanzia mstari wa 9, polepole, na asiruke wa 25.