Mashairi Yaliyotanuka Magomeni

Mwaka 2009 nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari moja pale Magomeni Mapipa, kando ya Barabara ya Morogoro, huko ambako siku hizi mabasi ya mwendokasi yanapita. Wakati ule zilikuwa daladala na honi zake tu. Tulikuwa tunatoa kopi, tunaprinti, tunabaindi, tunachapa barua za maombi ya kazi, na msimu wa harusi ukiingia tunachapa kadi za michango mpaka vidole vinauma. Bosi alikaa mbele na droo ya hela. Mimi na kaka mmoja tuliyezoea kumwita Fundi, kwa sababu hakukuwa na kitu asichokifungua, tulikaa nyuma na kompyuta mbili, zote nzito.

Alhamisi moja baada ya alasiri akaingia mzee wa kanzu na baraghashia, daftari kwapani, flashi kaifunga ndani ya leso.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Kompyuta zenu hazijambo?"

Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Yeye ni mshairi, na alitaka kila mgeni aondoke na kijitabu cha mashairi aliyomtungia bibi harusi. Kijana wa jirani alikuwa ameshamchapia kila kitu. Kazi yetu ilikuwa kuprinti, kudurufu na kupiga pini. Tukaisafisha flashi kwanza, maana virusi vya wakati ule vilikuwa vikiingia kwenye mashine vinaficha mafolda yote. Kisha Fundi akafungua kazi na kuprinti kurasa za mwanzo.

Mzee alivaa miwani, akaiweka karatasi mbali na uso, akakaa kimya muda. Halafu akauliza, "Nani kayavuta?"

Kwenye karatasi, mshororo wa kwanza ulikuwa umekaa hivi:

Mwanangu          nakuusia,          ndoa          kuvumiliana

Ikawa hivyo mshororo kwa mshororo, umevutwa toka pambizo ya kushoto mpaka ya kulia. Wenye maneno machache uliachana zaidi, wenye maneno mengi uliachana kidogo, basi vile vina vya kati ambavyo vilipaswa kusimama karibu karibu chini ya mwenzake vikatawanyika kila kimoja na njia yake. Ila mshororo wa nne, kituo cha ubeti, ulikuwa umetulia kabisa. Beti zote zilikuwa hivyo: mitatu imevutika, mmoja mzima.

"Mwanangu," mzee akaniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu, "kila mshororo wangu una mizani, yaani silabi, 16, 8 huku na 8 huku. Msomaji anapumua pale kwenye mkato. Sasa hapa apumue wapi? Kila neno limekuwa mkato."

Bosi alikuja mbio na dawa yake ya siku zote: printa imechoka, toeni tona, lile kopo la wino wa unga, itikiseni. Tona ikatikiswa. Kurasa zikatoka vilevile, nyeusi zaidi tu. Fundi yeye akashuku saizi ya karatasi, na hilo halikuwa wazo baya, kwa sababu kazi nyingi zilikuwa zinatujia zimewekwa Leta, karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279, wakati sisi rimu zetu zote ni A4, 210 kwa 297. Akabadilisha. Maneno yakasogea kidogo sana, yakabaki yameachana.

Ndipo Fundi akaamua kuzifuta zile nafasi kwa mkono. Akaweka kasa, kile kimstari kinachowaka na kuzima, katikati ya "Mwanangu" na "nakuusia", akabonyeza kitufe cha kufutia mara moja, na maneno yakaungana papo hapo: "Mwanangunakuusia". Nafasi ilikuwa moja tu. Akairudisha, pengo likafunguka upana uleule. Nilimwona anatazama kioo kama mtu aliyeibiwa daladalani na bado hajajua kilichoondoka ni nini.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja anasubiri kopi za hati ya kiwanja. Alikuwa katibu muhtasi wa serikalini, kastaafu, msomi wa Chuo cha Uhazili Tabora, na alikuwa ametusikiliza kwa muda kwa ile subira ya mtu anayejua jibu. Akasema bila kuinuka, "Wanangu, washeni alama zilizofichika. Mnapapasa gizani bure."

Akatueleza kwamba zamani ofisini kwao walikuwa wanatumia WordPerfect, programu ya kuandikia, na humo kazi ikikorofisha unabonyeza Alt na F3, chini ya kioo linafunguka dirisha linaloonyesha kila amri iliyomo ndani ya maandishi. Kwenye Word hakuna dirisha la namna hiyo, lakini kuna kitufe chenye alama ya aya, ile kama herufi P iliyogeuzwa. Fundi akakibonyeza. Kioo kikajaa vidoti, kimoja kimoja kwa kila nafasi, kwa hiyo kweli hakuna aliyepiga nafasi nyingi. Lakini mwishoni mwa mishororo mitatu ya mwanzo ya kila ubeti palikuwa na kishale kilichopinda kwenda kushoto. Alama ya aya ilikuwepo kwenye kituo peke yake.

Mama akacheka. "Huyo kijana kashusha mistari kwa shifti na enta. Halafu kajastifai."

Hapo ndipo mambo yaliponiingia. Enta inafunga aya. Shifti na enta inashusha mstari tu, aya inaendelea. Na jastifai inaunyoosha kila mstari uguse pambizo zote mbili, isipokuwa mstari wa mwisho wa aya, ambao unaachwa ulivyo. Kwa hiyo machoni pa programu ubeti mzima ulikuwa aya moja yenye mistari minne. Ile mitatu ilikuwa mistari ya katikati, basi ikavutwa. Kituo kilikuwa cha mwisho, kikasamehewa. Baadaye niligundua kwamba ndani kabisa ya mipangilio ya Word kuna kisanduku cha kuizuia isitanue mistari iliyoshushwa namna hiyo, lakini kipo mahali ambapo mtu mwenye foleni ya wateja hafiki.

Fundi hakungoja maelezo yaishe. Akafungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, akaamuru vishale vyote viwe alama za aya. Mvuto ukaisha, lakini kila mshororo sasa ukawa aya inayojitegemea, na aya za Word 2007 zinakuja na pointi 10 za nafasi chini yake na mistari iliyoachana kwa 1.15, tofauti na 2003 ambayo ilikuwa haiongezi kitu. Mishororo ikasambaa ukurasa mzima, huwezi kujua ubeti unaanzia wapi na unaishia wapi. Mzee akashika kichwa. "Mlikuwa mmeyavuta, sasa mmeyapasua!"

Tukarudisha nyuma. Kisha mama akasema tuchague yote, tubonyeze Ctrl na L, basi. Maandishi yakarudi kushoto, maneno yakashikana mikono, mkato ukaonekana ulipo. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie, na bosi akatabasamu zaidi yake, kwa kuwa alishaanza kuhesabu karatasi zilizoharibika.

Tukaprinti zote. Mama, ambaye sasa alikuwa amesimama nyuma yetu na kopi zake amezisahau, akachukua kurasa mbili akazibandika pamoja akazielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Beti hazikukaa sawa. Kwenye ukurasa mmoja pengo kati ya ubeti na ubeti lilikuwa la kawaida, kwenye mwingine limekuwa kubwa, na kwenye kioo chetu yote yalikuwa sawasawa. Sisi kwa uzito wa mashine zetu tulizoea kufanya kazi kwenye mwonekano wa drafti, na drafti haionyeshi ukurasa utakavyokaa juu mpaka chini.

"Ukurasa wa mwisho ukoje?" akauliza.

Wa mwisho ulikuwa mzuri, beti zake zimekaa juu pamoja, chini peupe.

"Basi ni ugonjwa uleule, ila huu umesimama."

Akamwelekeza Fundi aingie peji setapu, sehemu ya leiauti, atazame mpangilio wa wima. Palikuwa pameandikwa jastifai. Yule kijana wa jirani sijui alitaka nini. Nadhani alipenda neno lenyewe, akaliweka kila alipolikuta. Vilevile alikuwa ameagiza ubeti usikatwe katikati, jambo jema, lakini ubeti usipoenea chini ya ukurasa unahamia ukurasa unaofuata, na nafasi uliyoiacha inagawanywa kati ya beti zilizobaki ili zifike chini. Ukurasa ulioacha nafasi kubwa unaachana sana, ulioacha ndogo unaachana kidogo. Wa mwisho haujajaa, kwa hiyo hauguswi. Fundi akachagua ianzie juu, tukaprinti tena, na safari hii kurasa zilipobandikwa kwenye mwanga hazikutofautiana.

Mzee hakushangilia. Alikuwa ameshakaa kwenye benchi anasoma kwa sauti ya chini, vidole vinafungana kimoja kimoja. Ghafla vidole vikasimama.

"Kuna mtu kaniibia hapa."

Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na mshororo mfupi kuliko wenzake, sasa unaonekana wazi kabisa: "Mola nitamlilia, usiku mchana." Akafungua daftari lake. Mlikuwa na "usiku hata mchana." Mizani mbili hazipo. Wakati ule mishororo ilipokuwa imevutwa yote ikalingana urefu, mimi, Fundi, bosi, hata yeye mwenyewe, tuliupita bila kuuona. Sasa akaanza upya toka ukurasa wa kwanza, mshororo kwa mshororo, na akakamata mwingine uliokosa "na". Fundi alikuwa anarekebisha, mzee anahesabu, nje giza linaingia.

Tulipoanza kudurufu, bosi alipiga hesabu akaijumlisha na ya karatasi zilizoharibika. Mzee akazipokea zile karatasi mbovu, akazipanga vizuri, akamrudishia.

"Hizi zangu hazimo. Deni hili kadai kwa jirani yangu, nyumba ya pili kutoka msikitini."

Wakavutana kidogo, kisha bosi akafuta nusu. Kopi za hati ya kiwanja za yule mama hakuzitoza kabisa, na kwa bosi wetu hilo halikuwa jambo dogo.